Jiko la Pili

Wifi yangu hawezi kukaribishwa nyumba ya mtu akatulia. Wenzake huangalia mapazia au picha za harusi ukutani. Yeye huulizia jiko. Si kwamba ana njaa. Anafanya kazi ofisi ya takwimu, kitengo cha vibali vya ujenzi, na kwa hesabu za ofisi yao nyumba si kuta, si paa, wala si mlango wa mbele. Nyumba ni jiko. Mkiwa ukoo mzima mnapakua chungu kimoja, nyinyi ni makazi mamoja. Mkiwa wawili tu, kila mtu na sinki lake na mahali pake pa kupikia, nyinyi ni makazi mawili, mkalale mnavyotaka. Ndiyo maana mdogo wake, ambaye ndiye mume wangu, alimpachika jina la Takwimu, na jina likamganda.

Nampenda, na nasema hivyo mapema kwa sababu huko mbele mtadhani simpendi. Ana moyo mweupe na mdomo usio na breki.

Nyumba tunayoishi ni ya mama mkwe. Kiwanja kina jina lake, na bila sahihi yake halmashauri haitoi kibali hata cha kuinua ukuta wa uani. Tumo humo yeye, mimi, mume wangu, ambaye ni fundi umeme, na watoto wetu. Mimi ni fundi cherehani. Nashonea chumba cha mbele na wateja wangu wanapita sebuleni, wanavua viatu juu ya madaftari ya watoto. Nyumba ilishatubana. Tukakubaliana tuongeze: nyuma Mama apate chumba chenye choo chake, asihangaike na ngazi, na mbele chumba changu cha kushonea kitobolewe mlango wa barabarani. Mchora ramani akaja na futi yake, akapima, akanywa chai, akarudi tena siku nyingine akapima alikosahau, akaaga.

Ramani ililetwa Jumapili, wifi akiwa amekuja kula. Tukaitandaza mezani, tukaibana pembe kwa vikombe na mkasi wangu. Wifi akavaa miwani. Mimi nilikuwa natafuta mlango wangu wa barabarani, sina hili wala lile.

"Hizi ni nyumba mbili," wifi akasema. "Na hapa mbele ni biashara."

"Nyumba mbili zipi, Dada?" mume wangu akauliza.

"Huoni? Jiko la zamani hili hapa. Na hili lingine, huku nyuma, ubavuni mwa chumba cha Mama. Sinki hili, meza ya kupikia hii, dirisha la kutolea moshi lile. Jiko kamili. Mkipata kibali, kwangu mnaingia makazi mawili na duka."

Alilisema kwa furaha kabisa, maana kwake kitu kikihesabika ni neema. Kisha akagundua kwamba hakuna anayecheka. Chumba na choo ndivyo tulivyokubaliana. Jiko hakuna aliyelitaja. Nikamtazama mume wangu, naye akanitazama mimi. Wifi akavua miwani akanitazama pia, na hapo nikaona hesabu inayopigwa. Panapoishi mama mkwe na mkamwana pakazuka jiko la pili, nani ana haja ya kuuliza limeombwa na nani?

"Kwa hiyo Mama anatengwa," wifi akasema taratibu.

"Na nani?" nikauliza.

"Sijataja mtu, wifi."

"Mdomo haujataja. Macho yametaja."

Mama alikuwa mwisho wa meza anamenya chungwa. Mume wangu akamuuliza kama yeye alijua. "Ramani hizi mimi nazijulia wapi?" akajibu. "Mistari mitupu." Akaendelea kumenya, ganda likashuka refu bila kukatika.

Mume wangu hakutaka maneno marefu. Akampigia simu mchora ramani palepale, sote tukisikia. Yule bwana akakohoa. "Mimi nachora ninachoambiwa, fundi mwenzangu," akasema. "Ya nyumbani kwenu yamalizeni nyumbani." Akakata. Afadhali asingepokea kabisa, kwa maana sasa ilijulikana kwamba kuna mtu wa humu ndani aliyemwambia.

"Ungeniambia tu, mke wangu," mume wangu akasema. Akanigusa bega kwa upole, na upole wake ndio ulionikata maini.

Niliapa. Nilivyozidi kuapa ndivyo nilivyozidi kufanana na mwongo. Wifi akakunja ramani akaitia kwapani, akasema ataipitisha mwenyewe kwa mchora ramani kabla ya Jumapili ijayo, jiko lifutwe. Mama akasema sahihi yake tusiitegemee kwa sasa. Kwanza watu watulie.

Niseme wazi kilichoniuma, nisije nikaonekana nalilia mlango wa barabarani. Mama yangu mzazi alifariki nikiwa mwari. Nilipoolewa nilikuwa sijui hata kupika maharage yakaiva sawasawa, na huyu mama ndiye aliyenishika mkono jikoni mwake, hajanicheka, hajanisema kwa majirani. Jiko lile tumeliendesha pamoja tangu kifungua mimba wangu yuko tumboni. Sasa kwa ndugu wa mume wangu nilikuwa nimeshakuwa yule mkamwana aliyemfukuza mama mkwe chunguni, na jina kama hilo likishaingia kwenye ukoo utazeeka nalo. Na yeye mwenyewe, kama naye aliamini ni mimi, basi nilikuwa nimefiwa mara ya pili.

Siku zilizofuata tulipika pamoja tukiongea habari za chumvi tu. Chumvi imetosha? Imetosha. Nikavumilia hadi katikati ya juma, kisha nikafunika cherehani nikaenda ofisini kwa wifi kuichukua ramani. Ilikuwa ramani yetu, si yake, na mtu asinifutie kitu ambacho sikukiandika.

Ofisi yao iko juu kabisa, mwisho wa ukumbi mrefu wenye harufu ya wino wa mashine. Feni inazunguka, karatasi zote zimekandamizwa na vitu vya ajabu, hapa kufuli, pale kipande cha marumaru. Ukutani kuna grafu ya nchi nzima yenye mistari miwili. Ramani yetu niliiona imesimama pembeni ya kabati. Wifi alikuwa kwenye simu, akanionyesha kiti kwa kidevu.

"Lile jengo, chini maduka, juu vyumba vya kuishi," alikuwa anasema. "Eneo lipi kubwa? Maduka? Basi linaingia biashara. Haya, na kile kibali cha kuongeza nyumba, jiko lipo? Sinki lipo? Mpya au lile lile? Asante, ndugu yangu." Akaandika, akapiga kwingine, akauliza yale yale. Majina ya watu hayafiki pale. Yanafika majiko.

Alipotua simu nilikuwa nimeshapanga maneno, lakini mkuu wao wa kitengo akaingia kabla yangu. Ni bwana mmoja mpole mwenye kalamu mbili mfukoni. Akasimama mbele ya grafu, mikono nyuma.

"Biashara inapanda," akasema, "hiyo tunaweza kuieleza. Maghala, maduka, ofisi. Lakini huku kwenye makazi waandishi watatuuliza. Nyumba mpya viwanjani zinashuka tangu mwaka uanze, na bado makazi kwa jumla hayajashuka. Yanatoka wapi?"

"Uani, mkuu," wifi akasema. "Watu hawajengi nyumba mpya. Wanaongeza majiko kwenye nyumba za zamani. Halmashauri baada ya halmashauri, ni hivyo hivyo."

"Kwa nini?"

"Nimeandika sentensi." Akamsomea kwenye kompyuta: ongezeko hilo linaonyesha kwamba familia changa zinajitenga na wazazi wao.

Nilikuwa nimekuja kugombea jiko moja, kumbe nimeshahukumiwa kwa nchi nzima.

"Wifi," nikasema, "umempigia nani ukamuuliza?"

"Sisi tunahesabu, wifi. Hatuulizi."

"Hamuulizi, lakini mnaandika kwa nini?"

Mkuu akanigeukia kana kwamba ndiyo kwanza ananiona. Nikamwamkia, nikaomba radhi, nikasema mimi ni fundi cherehani tu na nimekuja kuchukua karatasi yangu. "Lakini swali ni zuri," akasema. "Hebu uliza, mama. Piga popote." Huyo mama aliyeambiwa ni wifi, ambaye alinuna, lakini bosi akisema amesema. Akapiga simu halmashauri mojawapo na kuiweka spika.

Afisa vibali aliyepokea alikuwa mwanamke mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara. Wifi akamuuliza hayo majiko ya pili ni ya nani, ya wake wachanga?

"Wachanga wapi, dada yangu!" yule mama akacheka. "Hapa dirishani kwangu wanakuja wazee. Juzi kaja bibi na fimbo yake, kaniwekea ramani mbele, ananiuliza, jiko langu liko wapi humu, au mwanangu kalificha? Wakamwana wenyewe wanafuata nyuma wamefura, maana mtaani wanasemwa wao."

Wifi akapiga kwingine. Huko afisa akasema hapana, kwao majiko ni ya wapangaji, watu wanapangisha uani. Kwingine wakasema ni vijana kweli, wamechoka kuamriwa. Mkuu akatikisa kichwa. Wifi akaitazama sentensi yake, akaifuta, akaandika kwamba sababu zinatofautiana kutoka mahali hadi mahali na hazijachunguzwa. Mkuu akaisoma, akasema waandishi hawataipenda, kisha akasema iende hivyo hivyo.

Mimi akili yangu ilikuwa imebaki kwa yule bibi wa fimbo. Nikakumbuka mchora ramani aliporudi mara ya pili kupima alikosahau. Mimi nilikuwa na mteja wa gauni la harusi, sikuinua kichwa. Aliyemtengea chai alikuwa Mama. Wakakaa uani, chai ikachukua muda kuliko vipimo.

"Wifi, una nini?" Takwimu akauliza.

"Nipe ramani yangu," nikasema. Akanipa bila ubishi. Sikumwambia kitu, kwa sababu sikuwa na hakika.

Nilimkuta Mama jikoni anaosha mchele. Nikaiweka ramani juu ya meza, pembeni mwa sufuria.

"Mama, jiko hili umeliomba wewe."

Akamwaga maji ya kwanza, akatia ya pili. "Nani kakwambia?"

"Hakuna aliyeniambia."

Angeweza kukana, na mimi ningemwamini, Mungu anisamehe, kwa jinsi nilivyotamani kumwamini. Akafunga bomba na kukaa kwenye kigoda.

"Nilimwomba yule kijana asiseme," akasema. "Nilitaka ipite kwanza. Nani angejua kama si huyu mwanangu na kazi yake ya kuhesabu vyungu?"

"Nimekukosea nini, Mama?"

"Hujanikosea. Hilo ndilo gumu kulieleza." Akajifuta mikono kwenye kanga. "Kila siku unaniuliza, Mama, leo tupike nini? Nami nasema chochote. Chumvi ikizidi nasema iko sawa. Miaka yote nasema chochote, mpaka nimefika mahali sijui tena mimi napenda kula nini. Nataka nijue. Nataka nipike kitu kibaya, nikile mwenyewe, asinihurumie mtu."

"Sasa kwa nini hukusema pale mezani? Umeniacha nasulubiwa."

"Ningesema, mwanangu wa kike angelia, aone hamnitunzi. Wa kiume angejiona ameshindwa kumweka mama yake. Wewe..." Akasita.

"Mimi je?"

"Wewe una kifua. Nilijua utastahimili."

Sijui kama nilisifiwa au nilitukanwa. Nilisimama pale na kifua changu, nacho kinawaka.

"Acha waseme ni wewe," akaendelea, sauti ya chini. "Maneno huisha. Nitatia sahihi, jiko litajengwa, watasahau."

"Mama," nikasema, "kukufulia nitakufulia. Ukiugua nitakuogesha, wala sitamwita mtu kunisaidia. Hili silibebi. Na kukusemea sitakusemea. Ukitaka jiko, utalitaka kwa mdomo wako."

Sijawahi kumjibu vile tangu nimeolewa. Nikarudi kwenye cherehani, na jioni nikagundua kwamba nimeshona mkono wa kulia wa blauzi ya mteja upande wa kushoto. Ikabidi niifumue yote.

Jumapili ikafika. Mchora ramani, aliyeitwa na wifi, alikuja na kalamu nyekundu. Alama atakazotia pale ndizo atakazoenda kuzifuta kwenye kompyuta yake. Tukaketi walewale, vikombe vilevile. Wifi alikuwa amepoa kidogo tangu siku ile ya ofisini, ila shauri lake lilikuwa lilelile.

"Sigombani na mtu," akasema. "Aliyeomba na aliyekosea tuyaache. Mama atakula nasi, kama siku zote. Fundi, hilo jiko la nyuma litoke."

Mume wangu akaitikia kwa kichwa. Mchora ramani akafungua kalamu. Akamwangalia Mama kwa chini chini, halafu mimi, halafu tena karatasi. Mama alikuwa ametulia, mikono mapajani. Nikajua hatasema. Nikajua pia kwamba neno langu moja lingemaliza yote, na kwamba ningelisema mimi, lingebaki neno la mkamwana mwenye shida zake. Nikaung'ata ulimi. Sijawahi kuona kalamu inachukua muda hivyo kufika kwenye karatasi.

"Wewe kijana, usiguse jiko langu," Mama akasema.

Kalamu ikabaki hewani. Wifi akadhani hajasikia vizuri. "Mama?"

"Ni langu. Nimeliomba mimi. Huyu hana habari, alikuwa anashona." Akaivuta ramani upande wake, akaikalisha sawa, akaweka kidole. "Na hili dirisha umeliweka kwenye jua la jioni. Nilikuambia upande huu."

"Ndiyo, Mama," mchora ramani akasema, jasho linamtoka. "Nitalihamisha."

Ikawa ndiyo hiyo mistari mitupu asiyoijulia.

Wifi akalia, kama Mama alivyosema atalia. Akauliza kama hatumtunzi, kama kuna siku alilala na njaa. Mama akamwambia hajalala na njaa hata siku moja, na kwamba mtu anaweza kushiba akiwa hajachagua. Mume wangu akanigeukia, mbele ya wote, pamoja na mgeni.

"Mke wangu, nisamehe. Nilikuhukumu."

"Na mimi, wifi," Takwimu akasema, anapenga kamasi. "Mimi zaidi."

"Wewe nenda kahesabu mbili," Mama akamwambia. "Wala usione haya."

Tukacheka, hata mchora ramani. Mama akatia sahihi yake polepole, herufi moja moja. Jina langu likawa limerudi, safi, bila doa, na nilikuwa nimengoja juma zima nilione limerudi.

Lakini sikufurahi. Nilikaa pale nikitafuta furaha yangu nikaikosa. Wiki nzima ya kusingiziwa nilikuwa na faraja moja: kwamba ni uongo, kwamba mama huyu hangeweza kutaka kuniachia jiko. Sasa uongo umeondoka na faraja yangu imeondoka nao. Hakuna aliyemfukuza. Alitaka kwenda mwenyewe.

Wageni walipoondoka tuliosha vyombo, mimi kwenye sinki, yeye anafuta. Tukafika kwenye sufuria kubwa.

"Mama," nikasema, "siku nikichoka na chakula changu, nitakula wapi?"

"Kwangu."

"Nitaingia tu?"

Akafikiri. Nilimwona anafikiri kweli, anaupima mlango ambao bado haujajengwa.

"Hapana," akasema. "Utapiga hodi."

"Nisipojibiwa?"

"Basi nimelala. Au sitaki mtu siku hiyo." Akatundika kitambaa, akanipapasa mgongoni kidogo. Akatoka kwenda kulala, na hatua zake ukumbini zilikuwa nyepesi kuliko nilivyozizoea.

Nikabaki pale maji yakitiririka, nalia, na kila nilipotafuta kosa alilonikosea sikulipata.